Fundi anayepima kabla ya kuuza: karakana ya kompyuta nyuma ya Soko Kuu, Arusha

Karakana ninayoizungumzia haina bango. Iko ghorofani, katika mitaa ya nyuma ya Soko Kuu la Arusha, na wateja wake wengi huelekezwa na wateja waliowatangulia. Kompyuta za kila aina hutengenezwa pale, lakini tathmini hii inahusu huduma moja tu ambayo sijaiona ikifanywa vizuri kiasi hiki mahali pengine hapa mjini: kuchunguza kwa nini kompyuta inahamisha data polepole kupitia USB, na kumwonyesha mteja kwa vipimo, bila kubahatisha, ni kifaa kipi hasa kinachochelewesha kazi.

Mimi huhariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Sherehe moja inayopigwa na kamera tatu huleta takriban gigabaiti 180, na data hiyo yote lazima itoke kwenye kadi za kamera na kuingia kwenye diski ya nje kabla kadi hazijafutwa kwa ajili ya sherehe inayofuata. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa tatu. Duka moja la kompyuta nililolipelekea tatizo hili lilinipa majibu mawili bila kupima chochote: kwamba Windows ifutwe na kuwekwa upya, na kwamba ninunue diski nyingine. Ushauri wa namna hiyo hutolewa kwa watu wengi sana, nao unaumiza, kwa sababu mteja hulipa, hupoteza programu na mipangilio yake, kisha hurudi nyumbani kukuta mstari wa kunakili unatambaa vilevile.

Fundi wa karakana hii alianza kazi hata kabla sijafika. Nilipompigia simu aliniambia, "Dada, usije na kompyuta peke yake. Njoo na diski, kadi, waya na kila kitu unachokichomeka." Nilipofika alivipanga vyote mezani kwa mfuatano ule ule ambao data hupita: kadi, kisoma kadi, habu ya USB (kile kifaa kinachogawa tundu moja kuwa mengi), kompyuta, waya, diski. Kisha akaeleza kwamba kasi ya safari nzima huamuliwa na sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, kama vile magari yanayotoka kwenye njia nne za Sakina hadi Tengeru yanavyobanana pale barabara inaposinyaa, hata kama kila gari lina injini yenye nguvu. Kazi yake ilikuwa kuitafuta sehemu hiyo, na aliitafuta kwa utaratibu ambao nataka kuueleza kwa kirefu, kwa kuwa ndio uliofanya nione fedha yangu imetumika vizuri.

Kwanza aliweka sawa jambo la hesabu ambalo huwachanganya wengi. Kasi ya USB hutangazwa kwa biti, ilhali kompyuta inaponakili faili huonyesha baiti, na baiti moja ina biti 8. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, ina kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 kwa hesabu ya karatasini. Katika matumizi halisi mtu hupata megabaiti 30 hadi 40 hivi, kwa sababu sehemu ya nafasi hiyo huliwa na mawasiliano ya vifaa vyenyewe. USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, inafikia gigabiti 5 kwa sekunde, na katika matumizi halisi inaweza kupita megabaiti 400. Ajabu ni kwamba kasi hiyo hiyo ya gigabiti 5 imebadilishwa jina mara mbili baadaye, ikaitwa USB 3.1 Gen 1 na kisha USB 3.2 Gen 1, hivyo muuzaji anayedai kwamba kifaa cha 3.2 lazima kinapita cha 3.0 huenda anauza kasi ile ile kwa jina jipya. Naona waliobuni majina hayo hawakuwatendea haki wanunuzi.

Kutokana na hesabu hiyo, namba inayoonekana wakati wa kunakili inaanza kuwa na maana. Diski ya nje ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka, huweza kuandika faili kubwa kwa megabaiti 100 kwa sekunde au zaidi kidogo. Ikiwa inaandika kwa 35 tu, na faili ni kubwa, kuna kila sababu ya kushuku kwamba mahali fulani njiani mawasiliano yameshuka hadi USB 2.0. USB imeundwa ili kifaa kipya kifanye kazi na cha zamani, na hilo ni jambo jema; lakini inaposhuka hivyo mara nyingi haitoi taarifa yoyote, na pengine Windows itaonyesha ujumbe mdogo pembeni kwamba kifaa kinaweza kwenda kasi zaidi, kisha ujumbe huo utapotea kabla haujasomwa.

Kabla ya kugusa kitu kingine, fundi alisoma kumbukumbu za afya ambazo diski yenyewe huzihifadhi ndani, akitumia programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Hapo huonekana kama diski imeanza kuhamisha data kutoka kwenye sehemu zilizoharibika. Utaratibu huu naupenda, kwa sababu diski inayokufa pia huwa nzito, na kuipima kwa nguvu kabla ya kuokoa vilivyomo kunaweza kuimaliza. Yangu ilikuwa nzima, kwa hiyo ushauri wa kununua mpya ukafutika pale pale.

Ushauri wa kuweka Windows upya ulifutika muda mfupi baadaye. Fundi ana flashi yenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ulio tofauti na Windows, ambayo huwasha kompyuta ya mteja bila kugusa chochote kilichomo ndani. Aliiwasha ya kwangu kwa njia hiyo, akachomeka diski yangu na kuandika amri ya lsusb -t, ambayo huorodhesha kila kifaa cha USB na kasi kiliyokubaliana na kompyuta. Mbele ya diski yangu paliandikwa 480M, wakati palipaswa kuandikwa 5000M. Kama hali ni hiyo hiyo nje ya Windows, alisema, basi Windows haina hatia, na kuifuta ni kumwadhibu asiyehusika. Sijui kwa nini maduka mengi hayafanyi jaribio hili linalochukua dakika chache na kumwokoa mteja siku nzima ya kusakinisha programu upya.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye waya. Diski nyingi za nje zina tundu pana lenye sehemu mbili, na waya wake wa USB 3.0 una kichwa kipana kinachojaza sehemu zote mbili. Waya wangu wa asili ulikatika, na dukani niliuziwa mwingine wenye kichwa chembamba, unaofanana na waya wa kuchajia simu za zamani. Waya huo unaingia vizuri kwenye nusu moja ya tundu, diski inawaka, mafaili yanaonekana, na hakuna dalili kwamba kitu kimepungua. Lakini una nyuzi za USB 2.0 peke yake. Kichwa bapa cha USB 2.0, kile kinachoingia kwenye kompyuta, kina pini 4, na cha USB 3.0 kina 9. Hizo 5 za ziada ndizo zinazobeba kasi kubwa, na waya usiokuwa nazo hauwezi kuipitisha hata uwe mpya na wa bei kubwa. Fundi alitahadharisha kwamba hata waya za kisasa za USB-C zina mtego huo huo, kwani nyingi zinazokuja na simu zimetengenezwa kwa ajili ya kuchaji na zinapitisha data kwa kasi ya USB 2.0 tu, ingawa vichwa vyake ni sawa kabisa na vya waya wenye kasi.

Kosa la pili lilikuwa kwenye tundu la kompyuta. Kompyuta yangu mpakato ina matundu mawili ya buluu, na mtu anaweza kudhani kwamba rangi inatosha kuwa ushahidi. Fundi alichomeka diski yake mwenyewe ya majaribio, kwa waya wake mwenyewe, kwenye tundu la kushoto, akapata kasi kamili. Kwenye tundu la kulia akapata kasi ya USB 2.0. Alilimulika kwa tochi na kioo cha kukuzia, akanionyesha pini za ziada zikiwa zimefunikwa na uchafu mgumu. Kwa yeyote anayeishi Arusha, ambako vumbi la kiangazi hupenya hata kabati lililofungwa, jambo hili si la kushangaza. Alizima kompyuta, akatoa betri, akasafisha kwa pombe maalumu ya vifaa vya umeme na brashi laini, na tundu likarudi katika kasi yake. Hakujaribu kuniuzia tundu jipya, ingawa analo, na nisingekuwa na namna ya kumbishia.

Alinionyesha pia jambo ambalo nisingeliamini kwa kusimuliwa. Alichomeka diski taratibu sana, ikatambuliwa kwa 480M; akaitoa, akaichomeka kwa mkono wa uhakika mpaka mwisho, ikatambuliwa kwa 5000M. Kinachotokea ni kwamba ukisukuma polepole, pini za zamani zinaweza kugusana kwanza, na kompyuta ikakubaliana na kifaa kwa kasi ndogo kabla pini za ziada hazijafika mahali pake. Basi anayeona kasi imeshuka ghafla leo wakati jana ilikuwa nzuri, na achomoe kwa usalama na kuchomeka tena kwa uthabiti kabla ya kumtafuta fundi.

Lakini waya na tundu visingetosha kueleza saa tatu. Hesabu yenyewe inaonyesha: gigabaiti 180 kwa megabaiti 35 kwa sekunde ni karibu saa moja na nusu. Nusu nyingine ya muda ilikuwa inapotelea kwenye habu. Kisoma kadi na diski yangu vyote vilichomekwa kwenye habu moja ya USB 2.0, ili matundu mengine yabaki kwa ajili ya kipanya na vitu vingine. Data ilikuwa inatoka kwenye kadi, inapanda kwenye habu kwenda kwenye kompyuta, kisha inashuka kupitia habu hiyo hiyo kwenda kwenye diski. USB 2.0 haiwezi kupeleka na kupokea kwa wakati mmoja. Ni lazima pande hizo mbili ziachiane zamu, na kwa hiyo njia ambayo tayari ni nyembamba iligawanywa tena mara mbili. Ndiyo maana namba niliyokuwa naiona ilikuwa ikichezea kwenye 15. USB 3.0 ina nyuzi tofauti za kwenda na za kurudi, hivyo haina udhaifu huo, ingawa hata habu ya 3.0 hugawana tundu moja la kompyuta kwa vifaa vyote vilivyochomekwa kwake.

Suluhisho halikuhitaji kununua habu nyingine. Kisoma kadi, ambacho tayari kilikuwa cha USB 3.0, kilipewa tundu la kushoto, diski ikapewa la kulia, na kipanya kikahamia kwenye habu, ambako kasi ndogo haimdhuru mtu. Baada ya hapo fundi alinakili faili lake kubwa la majaribio kutoka kwenye kadi hadi kwenye diski, na kasi ikasimama karibu na megabaiti 90 kwa sekunde bila kuyumba. Hapo kinachozuia ni kadi yenyewe, kwa kuwa kadi za UHS-I (kiwango kimojawapo cha kasi ya kadi za kumbukumbu) kama zangu, na visoma kadi vyake, zina kikomo cha megabaiti 104. Sherehe nzima sasa inahama kwa muda unaozidi nusu saa kidogo. Aliniambia wazi kwamba nikitaka kupita hapo nitahitaji kadi na kisoma kadi vya UHS-II, pamoja na kamera inayovikubali, na kwamba kwa kazi yangu haoni faida inayolingana na gharama. Nakubaliana naye.

Marekebisho ya upande wa programu yalikuwa mafupi. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, diski za nje huwekwa katika hali inayoruhusu kuchomolewa haraka, na hali hiyo hupunguza matumizi ya hifadhi ya muda wakati wa kuandika. Inaweza kubadilishwa ili uandishi uende kasi zaidi, lakini kwa sharti la kuondoa diski kwa utaratibu kila mara, na kwa hatari ya kupoteza data umeme ukikatika katikati ya kazi. Kwa kompyuta mpakato yenye betri nzima alinishauri niibadilishe. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme alisema waziwazi kwamba yeye asingeibadilisha hapa Arusha. Huo ni ushauri wa mtu anayejua mazingira ya mteja wake. Kuhusu programu ya kukinga virusi, ambayo hukagua kila faili linalopita, alikataa kuizima, akisema kwamba kadi na flashi za wateja ndizo njia kuu ya virusi kuingia katika kazi kama yangu.

Kuna swali nililomuuliza kwa niaba ya jirani yangu, mwalimu, ambaye hulalamika kwamba mafaili yake madogo ya mitihani na picha huhama polepole kuliko video kubwa. Jibu ni kwamba kila faili lina kazi yake ya pembeni: kuandikwa jina, kutafutiwa nafasi, kusajiliwa kwenye orodha ya diski. Video moja ya gigabaiti 4 hulipa gharama hiyo mara moja, na picha elfu kadhaa zenye ukubwa huo huo kwa jumla huilipa mara elfu kadhaa, huku kichwa cha diski kikirukaruka. Njia nyepesi ni kuyafunga mafaili hayo yote ndani ya faili moja la zip, hata bila kuyabana, na kulihamisha hilo.

Flashi ni suala jingine, na ningependa fundi angelitengea muda zaidi kuliko alivyolitengea. Maandishi ya USB 3.0 juu ya flashi yanaeleza aina ya mawasiliano tu, hayaelezi kasi ambayo kumbukumbu yake inaweza kuandika. Aliipima flashi niliyokuwa nayo, ambayo ilisoma vizuri, lakini ilipoandika ilianza kwa kasi nzuri kwa sekunde chache, kisha ikaporomoka hadi megabaiti 8. Mwanzo ule mzuri ulitokana na hifadhi ya muda, na ilipojaa uwezo halisi ukajitokeza. Hakuna usafi wa pini wala mpangilio wa Windows utakaoponya flashi ya namna hiyo. Nadhani angeongeza pia onyo juu ya flashi za gigabaiti 1000 zinazouzwa barabarani kwa bei ya kustaajabisha: nyingi ni za uongo, zimerekebishwa ili zionyeshe ukubwa zisiokuwa nao, na data inayozidi uwezo wake hupotea bila taarifa. Programu ya bure ya H2testw huzifichua kwa kuzijaza na kusoma tena kilichoandikwa. Watu wanapoteza picha za wazazi wao kwa ajili ya vitu hivi.

Jambo lililonipa imani kubwa kuliko vipimo vyote ni jinsi alivyoheshimu data ya wateja wangu. Majaribio yote ya kunakili aliyafanya kwa faili lake, na hakufungua folda yangu hata moja. Ndani ya diski ile kuna sura za watu, watoto na shughuli za familia, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 mimi mwenyewe nina wajibu juu ya taarifa hizo. Fundi anayepekua picha za mteja wakati wa matengenezo angenipoteza siku ile ile, hata angekuwa hodari kiasi gani.

Uchunguzi ulinigharimu Sh 15,000, na waya sahihi Sh 12,000. Kusafisha tundu kulihesabiwa ndani ya uchunguzi. Nilipewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kuiomba.

Hata hivyo, huduma hii ina upungufu ambao mteja anastahili kuujua. Fundi ni mmoja na hapangi miadi, hivyo asubuhi ya Jumatatu mtu anaweza kusubiri muda mrefu kwenye benchi lisilo na egemeo, katika ukumbi wenye kelele za mtaa. Hatoi ripoti ya maandishi: namba zote alizozipata alizitaja kwa mdomo, nami nilizinakili kwenye simu, jambo ambalo halifai kwa ofisi inayohitaji kielelezo ili iidhinishe manunuzi. Waya bora huisha mara kwa mara, na akiwa hana hukuambia usubiri. Hakupi wa ovyo, ambalo ni la haki lakini linachelewesha. Dhamana ya kazi yake pia ni ya maneno tu, na kwa fundi mwenye uwezo huu kuandika mistari michache kwenye karatasi kusingekuwa mzigo.

Anayetaka kwenda na ajaribu kwanza mambo ambayo hayahitaji fundi: kubadilisha tundu, kuondoa habu, kuchomeka kwa uthabiti, na kulinganisha faili moja kubwa na kundi la mafaili madogo. Mwenye kompyuta ya mezani ajaribu pia matundu ya nyuma, kwa kuwa yale ya mbele huunganishwa na bodi kuu kwa waya wa ndani ambao mara nyingine mtengenezaji aliusahau au aliuweka wa aina ya zamani. Mwenye kompyuta ya Windows 7 ajue kwamba mfumo huo haukuja na draiva za USB 3.0, yaani programu ndogo zinazouwezesha kuongoza matundu hayo, na kwamba bila draiva ya mtengenezaji tundu la buluu halitampa kasi yake. Kasi ikibaki ile ile baada ya hayo, abebe vifaa vyake vyote, pamoja na waya ule ule anaoutumia kila siku na chaja ya kompyuta, aende katikati ya wiki baada ya saa nane mchana, wakati foleni imepungua na fundi ana nafasi ya kueleza kila kipimo anachokichukua.